Kabla Hujavuta: Namna ya Kuinua na Kunasua Gari la 4x4 Bila Kuumiza Mtu

Wengi wanaamini kwamba gari la 4x4 halikwami, na kwamba likikwama dawa yake ni gari jingine lenye nguvu zaidi na kamba ngumu. Video fupi zinazosambaa kwenye simu zimeichochea imani hiyo. Gari limezama hadi tumboni, jingine linakuja mbio, kamba inakaza, gari linaruka kutoka shimoni, watu wanashangilia. Video haionyeshi ni nguvu kiasi gani imepita kwenye ile kamba ndani ya nusu sekunde, wala haikuambii wale wanaoshangilia walisimama wapi. Watu wamekufa kwa kazi hii, baadhi yao wakiwa watazamaji tu waliosimama kando. Wengine wamevunjwa taya na mpini wa jeki. Karibu vifo na majeraha yote hayo yalikuwa na njia nyepesi ya kuyaepuka, na ndiyo maana naona jambo hili linastahili kuelezwa taratibu, tangu mwanzo.

4x4 maana yake ni gari lenye magurudumu manne, na yote manne yanapokea nguvu ya injini. Kupokea nguvu ni jambo moja, kuwa na mshiko ni jambo jingine. Katikati ya kila ekseli kuna difu, kifaa kinachoruhusu gurudumu la nje ya kona lizunguke haraka kuliko la ndani. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa, kushoto na kulia. Sasa gurudumu la kushoto likiwa kwenye utelezi, au likining'inia hewani, linazunguka kwa nguvu ndogo mno, na la kulia linapata kiasi hicho hicho kidogo, hata kama limekanyaga jiwe kavu. Ndiyo sababu utaliona gari la 4x4 limesimama palepale, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka bure huku mawili mengine yametulia. Loki ya difu huyalazimisha magurudumu ya ekseli moja yazunguke pamoja, nayo ni msaada mkubwa, ila si magari yote yanayo.

Hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika: dereva anakanyaga mafuta. Tairi linalozunguka bila kusogea linageuka kuwa mashine ya kuchimba. Kila mzunguko unachota udongo na kuutupa nyuma, shimo linaongezeka, hadi difu na chasisi zinalala juu ya ardhi. Gari likishakaa kwa tumbo, uzito wake unabebwa na ardhi, si na magurudumu, na tairi lisilo na uzito juu yake halina cha kukanyagia. Sekunde tano za hasira kwenye pedeli zinaweza kuzaa kazi ya saa tatu. Tairi likizunguka mara mbili bila gari kusogea, toa mguu, shuka, utazame.

Utazame nini? Kile kinacholishika gari. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila dereva wa barabara mbovu alielewe kuliko mengine yote: gari halitoki kwa sababu umeongeza nguvu, linatoka kwa sababu umepunguza kinacholizuia. Majeshi, ambayo hunasua magari mengi, hutumia makadirio rahisi. Gari likizama topeni hadi kwenye habu (vitovu) za magurudumu, nguvu ya kulivuta ni karibu sawa na uzito wake wote. Likizama hadi kwenye madigadi, nguvu hiyo ni mara mbili ya uzito. Likizama zaidi ya hapo, ni mara tatu. Mlima huongeza juu yake: kila digrii moja ya mwinuko huongeza takribani sehemu moja ya 60 ya uzito wa gari.

Chukua gari la tani 2.5, pamoja na mizigo, lililozama hadi kwenye madigadi. Unahitaji mvuto wa tani 5. Ukichimba tope mbele ya magurudumu yote manne, ukatoa udongo ulioganda chini ya difu na kutengeneza mteremko mdogo wa tairi kupandia, unaweza kuurudisha mzigo huo kwenye tani 2.5 au chini yake. Yaani beleshi la kawaida limefanya kazi ya winchi ya pili, ile ngoma ya waya inayofungwa kwenye gari ili kuvuta. Halikatiki, halirushi vyuma, na halijawahi kumuua mtu aliyesimama pembeni. Ninapoona gari lina winchi ya gharama kubwa na halina beleshi, najua mwenyewe hajawahi kuelezwa hesabu hii.

Upepo wa tairi unafuata hapo hapo. Tairi lililojazwa kwa ajili ya lami, tuseme psi (kipimo cha upepo) 30 hadi 40, linakanyaga sehemu ndogo ya ardhi na kuikandamiza sana. Ukilipunguza hadi psi 15 au 18 kwenye mchanga, unyayo wake unarefuka, uzito unatawanyika, na mara nyingi gari linatoka lenyewe bila kamba wala jeki. Watu huzungumzia tairi kupanuka, lakini faida kubwa iko kwenye urefu. Kwenye mawe makali punguza kidogo tu, maana ubavu wa tairi laini huchanika kirahisi. Ukishuka sana, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona kwa nguvu, kwa hiyo mwendo uwe mdogo hadi utakapojaza tena.

Jeki: inainua, haishikilii

Tuje kwenye jeki, kifaa kilicho kwenye karibu kila gari na kinachoaminiwa kupita kiasi. Kazi yake ni kuinua. Kushikilia gari wakati mtu yuko chini yake si kazi yake, iwe ya chupa, ya mkasi au ile ndefu ya mpini. Hakuna sehemu yoyote ya mwili inayopita chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata mkono unaookota nati iliyobingirika. Iache nati hapo. Iokote kwa fimbo.

Nje ya barabara kuna tatizo ambalo karakana yenye sakafu ya zege hailijui: ardhi inadidimia. Fanya hesabu. Kona moja ya gari inaweza kubeba kilo 700. Kitako cha jeki ndefu kina ukubwa wa takribani sentimita 10 kwa 18, yaani sentimita za mraba 180. Kila sentimita ya mraba inabeba karibu kilo 4. Tairi lenye psi 30 linakandamiza ardhi kwa takribani kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, na ndilo hilo hilo lililokwisha kuzama. Jeki yako itazama haraka zaidi, na itazama upande mmoja, ikilala taratibu huku gari likielemea upande huo. Ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30 chini ya jeki unaushusha mkandamizo huo hadi chini ya kilo moja. Ubao huo ni sehemu ya jeki. Ukisafiri bila huo, umesafiri na nusu ya jeki.

Imani ya pili inayohitaji kuvunjwa ni ile ya breki ya mkono. Kwenye magari mengi breki hiyo inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, umebaki na moja linaloshika. Kuna magari mengine, Land Rover Defender za zamani zikiwa mfano unaojulikana, ambayo breki yake ya mkono haishiki gurudumu lolote moja kwa moja. Inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi. Inua gurudumu moja la nyuma la gari kama hilo kwenye mteremko, na difu italiruhusu lile lililo hewani lizunguke kinyume huku mwenzake akibingirika. Gari linaondoka, na breki ya mkono imefungwa kabisa. Gia ya kwanza, au P kwenye gari la otomatiki, ina udhaifu uleule, kwa sababu nayo inapitia kwenye difu.

Dawa yake ni kuunganisha ekseli mbili: weka 4L (gia ya chini ya magurudumu yote manne), funga loki ya katikati, ile inayofunga ekseli ya mbele na ya nyuma pamoja, kama gari linayo, na zungusha habu za mbele zifunge kama ni za kufungwa kwa mkono. Hapo ekseli ambayo magurudumu yake yote mawili yako chini inalishika gari. Kisha, hata baada ya hayo yote, weka mawe au vizuizi mbele na nyuma ya gurudumu lililo mkabala kwa pembe na lile unaloliinua. Abiria wote washuke, na wasimame upande wa juu wa mteremko.

Wapi pa kuweka jeki? Ya chupa ni salama zaidi chini ya ekseli, karibu na springi, upande wa gurudumu unalotaka kuliinua. Ukiinua kwenye ekseli, gurudumu linapanda mara moja. Ukiinua kwenye chasisi au bampa, lazima kwanza gari lipande hadi springi inyooke yote ndipo gurudumu liachane na ardhi. Mwili wa gari unakuwa juu, unayumba, na upepo tu unaweza kuusukuma. Usiweke jeki katikati, chini ya bakuli la difu, maana gari litapata nafasi ya kuegemea kulia au kushoto. Kwa magari yasiyo na ekseli nzima, fuata alama zilizowekwa na mtengenezaji.

Legeza nati nusu mzunguko kabla gurudumu halijaondoka ardhini, kwa sababu kuzikaza au kuzilegeza gari likiwa juu ni kulitikisa. Lisukume tairi la akiba chini ya chasisi mara tu nafasi inapopatikana. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi, na utabaki na nafasi ya kuingiza jeki tena. Ukishatoa gurudumu bovu, badilishana: bovu linaingia chini, zima linatoka. Na unapolishika gurudumu, lishike ubavuni, mkono mmoja kila upande. Kulishika kwa juu kunaweka vidole kati ya tairi na digadi, mahali ambapo gari likishuka sentimita tano tu vidole havitoki.

Jeki ndefu ya mpini inastahili aya yake. Hi-Lift, ile iliyowapa wenzake wote umbo, imekuwa ikitengenezwa Marekani tangu 1905, na uzuri wake ni kwamba inainua juu sana. Kwa kupanda, pini mbili huingia kwenye matundu ya mhimili, yaani nguzo yake, kwa zamu, na unazisikia: mlio mmoja mpini ukishuka, mwingine ukipanda. Usiposikia mlio, simama, safisha tope na tia mafuta. Hatari kubwa iko kwenye kushusha. Wakati wa kupanda, wewe ndiye unayeusukuma mpini. Wakati wa kushuka, uzito wa gari ndio unaousukuma mpini kuelekea juu, kwenye kidevu chako. Mkono ukiteleza, mpini unaanza kupiga juu na chini wenyewe, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata, hadi gari lifike chini. Kwa hiyo: mpini usimame wima ukiwa umegusa mhimili kabla hujageuza kitufe cha kushusha, simama kando, kichwa nje kabisa ya njia ya mpini, shika kwa mikono miwili, vidole visizunguke nyuma ya mhimili. Ukianza kukukimbia, uachie na urudi nyuma. Usijaribu kuudaka. Na ukimaliza kutumia jeki hii, usiache mpini katikati ya njia. Usimamishe na uufunge kwenye mhimili.

Gari lenye bampa la plastiki halina pa kuwekea jeki hii, hata kama imefungwa juu ya keria kwa ajili ya sura. Inahitaji bampa la chuma, ngazi za pembeni zilizofungwa kwenye chasisi, au kiungo maalumu kinachoshika gurudumu lenyewe. Kiungo hicho ndicho bora kwa aliyekwama: gurudumu linapanda moja kwa moja kutoka shimoni, unajaza mawe au mbao chini yake, unalishusha, na gari lina sakafu. Kwenye mchanga mlaini kuna jeki ya mfuko, inayojazwa kwa moshi wa ekzosi, ambayo kitako chake ni kipana kiasi kwamba haizami. Ila likague tumbo la gari kwanza, kwani bomba la moto au kipande chenye ncha kitautoboa.

Kuna mtindo wa zamani wa kuinua gari kwa jeki ndefu kisha kulisukuma liangukie pembeni, nje ya shimo. Wapo wanaoufanya kwa ustadi. Sishauri mtu yeyote aujaribu. Hakuna anayejua mhimili wa jeki utarukia wapi.

Kamba zinazotanuka na zisizotanuka

Hapa ndipo vifo vingi hutokea, na chanzo ni kuchanganya aina mbili za vifaa vinavyofanana kwa macho. Aina ya kwanza haitanuki, au hutanuka kidogo sana: mnyororo, waya wa chuma, mkanda wa kuvutia gari bovu barabarani. Aina ya pili imefumwa kwa nailoni na hutanuka kwa makusudi, takribani asilimia 20 kwa mikanda na hata 30 kwa kamba nene za kunasulia. Hii ya pili inafanya kazi kama manati: gari linalovuta linaipa nguvu kwa kuitanua, nayo inaitoa nguvu hiyo taratibu kwa kulivuta gari lililokwama. Ukilichomoa gari kwa mshtuko ukitumia mnyororo au waya, hakuna kinachotanuka, hivyo nguvu yote inafika kwa mara moja, na kitakachokatika ni kile kilicho dhaifu zaidi.

Nguvu yenyewe ni kiasi gani? Gari la tani 2.5 linalokwenda kilomita 10 kwa saa lina nishati inayotosha kuliinua gari zima karibu sentimita 40 kutoka ardhini. Kwa kilomita 20 kwa saa, nishati hiyo inatosha kuliinua karibu mita 1.6. Mwendo umezidi mara mbili, nishati imezidi mara nne. Hiyo ndiyo inayokaa ndani ya kamba iliyokazwa, na ndiyo inayosubiri kitu kiachie.

Kinachoachia mara nyingi ni mahali kamba ilipofungwa. Kile kichwa cha duara cha kuvutia tela hakikutengenezwa kwa mshtuko. Kikikatika kinaruka kama risasi, na kimeua watu mara nyingi. Nchini Australia sheria inataka mikanda hii iuzwe ikiwa na lebo ya maonyo, kwa sababu ya ajali za namna hii. Pete ndogo chini ya gari nazo si za kuvutia. Nyingi ni za kulifunga gari lisitembee juu ya meli au lori. Tumia sehemu iliyofungwa kwenye chasisi kwa boliti imara na inayojulikana uwezo wake. Zikiwa mbili, gawa mzigo kwa mkanda unaoziunganisha.

Shakeli, pete ya chuma yenye pini inayounganisha kamba na gari, iwe na maandishi ya uwezo wake wa kazi, kwa kawaida tani 3.25 au 4.75. Isiyo na maandishi ibaki dukani. Na usiunganishe kamba mbili kwa shakeli ya chuma katikati: kamba moja ikikatika, umeifungia nyingine nyundo. Pitisha jicho (kitanzi cha mwisho) la moja ndani ya jicho la nyingine, weka kipande cha mti mkavu katikati ili zisijikaze pamoja, au tumia shakeli laini ya kamba.

Sasa vuta, baada ya kuchimba. Magari yawe kwenye mstari mmoja. Kamba ilale kwa mkunjo wa mita mbili hivi. Anayevuta aondoke taratibu kwa 4L, bila mbio. Aliyekwama asaidie kwa gia ndogo, akisikilizia mvuto. Gari lisipotoka kwa mara ya pili, rudini kwenye beleshi. Kuongeza mwendo ni kuongeza nishati kwa mraba wake. Kila mtu aliye nje awe umbali usiopungua mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na asiwe kwenye mstari wake mbele wala nyuma. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa ishara.

Blanketi au koti zito juu ya kamba? Liweke, linasaidia kuiangusha chini ikikatika. Lakini kuna wanaoona blanketi na kusogea karibu, wakidhani wamelindwa. Halizuii kipande cha chuma kilichonyofoka. Umbali ndio ulinzi.

Winchi ina utaratibu wake, na kwa sababu inavuta polepole ni salama kuliko kamba ya mshtuko ikitumiwa vizuri. Uwezo ulioandikwa juu yake ni wa safu ya kwanza ya waya kwenye ngoma. Kadiri waya unavyorundikana ndivyo nguvu inavyopungua. Kwa hiyo ukitoa waya mwingi unapata nguvu zaidi, mradi mizunguko isiyopungua mitano ibaki kwenye ngoma. Puli moja, iliyofungwa kwenye mti huku waya ukirudi kwenye gari lako mwenyewe, huongeza mvuto karibu mara mbili na kupunguza mwendo kwa nusu. Mti uzungushiwe mkanda mpana, chini karibu na mizizi. Vaa glavu, na usiruhusu waya upite ndani ya kiganja. Nyuzi zake zilizokatika hukamata glavu na kuivuta kuelekea ngomani pamoja na mkono. Inua boneti ili ikinge kioo. Usiruke juu ya waya uliokazwa, hata winchi ikiwa imesimama.

Gari likitoka, usikimbilie barabara. Ondoa tope ndani ya rimu, kwani likikauka upande mmoja usukani utatetemeka. Kanyaga breki mara kadhaa ukiwa kwenye mwendo mdogo hadi zikauke na kushika. Angalia mbele ya rejeta kama haijazibwa, na chini kama hakuna bomba la breki lililovutwa. Jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo. Na kama ulitoa gurudumu, simama baada ya kilomita 50 hivi, ukaze nati tena.